Mchezo wa Mtoto na Ujirani wa Ulimwengu

Katika darsa zetu tulikuwa tukisoma mlango wa haki za jirani, na tulipofikia haki za mtoto wa jirani baadhi ya ndugu walituuliza suala ambalo halimo katika kitabu tulichokuwa tukikisoma. Walisema: watoto wetu wapelekwapo skuli za watoto wadogo twaambiwa kuwa wafundishwa uraia, na kuwa uraia huo si wa Kenya peke yake bali ni wa ulimwengu mzima, na kuwa njia ya kuufundisha ni mchezo. Je, jambo hili lina asili katika dini yetu, au ni upepo mwingine uliotujia kutoka ng'ambo? Na mtoto wa miaka minne, achezaye mchanga na vifuu, huo ulimwengu auonea wapi?

Suala hili ni zuri, na waulizaji hawakuuliza kwa ubishi. Tuliwajibu kwa mukhtasari siku ile, nao wakatutaka tuyaandike majibu ili wayasome na wake zao nyumbani, kwani wao ndio walio na watoto mchana kutwa. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza tulifahamu neno lenyewe. Raia ni mtu mwenye dola imlindayo na kumdai, na ulimwengu hauna dola moja wala pasipoti moja. Basi asemaye "uraia wa ulimwengu" hakusudii kumvua mtoto nchi yake wala dini yake. Akusudia mtoto akue hali ajua ya kwamba wanadamu wengine, wa karibu na wa mbali, wana haki juu yake kama yeye alivyo na haki juu yao. Mataifa yalipokutana mwaka 2015 na kuandika malengo yao ya hadi mwaka 2030, katika lengo la 4, ambalo ni la elimu, waliutaja uraia huu kwa jina lake. Na hapa kwetu mtaala ulioanza kutumiwa nchi nzima mwaka 2019, kuanzia madarasa ya chini, umeutia uraia katika mambo saba ya msingi ambayo kila mtoto atakiwa ayaweze. Sisi hatuligombi neno lao, lakini neno litupendezalo zaidi ni ujirani, kwa sababu kila mtu wa Mombasa alijua maana yake kabla hajajua kusoma.

Ama asili yake katika dini, haina haja ya kutafutwa kwa taa. Katika Suratul Hujurat, aya ya 13, Mwenyezi Mungu awasemeza watu wote, wala hakuwahusu Waislamu peke yao. Awajulisha kuwa wametokana na mume mmoja na mke mmoja, na kuwa kufanywa kwao mataifa na makabila kuna makusudio, na makusudio hayo ni wajuane. Iangalie vyema aya hii, ndugu msomaji. Haikusemwa wajuzwe, kana kwamba yatosha mtu kuhadithiwa habari za wenziwe. Imesemwa wajuane, na kujuana hutaka watu wawili waliokutana.

Sasa, mtu mzima hujuana na watu kwa biashara, kwa safari, kwa kuoana na kwa kuzikana. Mtoto mdogo hana biashara, wala safari, wala ndoa, na matangani hufukuzwa. Yeye mlango wake wa kujuana ni mmoja tu, nao ni mchezo. Ukiufunga mlango huo umemfungia aya nzima.

Wako wadhanio kuwa mchezo ni upuuzi ambao dini huuvumilia tu kwa sababu mtoto hana akili. Watu hawa hawakuisoma sira ya Mtume wetu (S.A.W.) kwa utulivu. Imesihi katika Bukhari na Muslim kuwa Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na wanasesere, na kuwa wasichana wenziwe walikuwa wakija kucheza naye, na Mtume aingiapo wao hujificha kwa haya, naye huwarudisha kwake ili mchezo uendelee. Na katika Abu Daud kuna habari ya farasi wa kuchezea aliyetiwa mbawa za vitambaa. Mtume alimuuliza Bibi Aisha farasi gani awaye na mbawa, naye akajibu kwa kumtaja Nabii Suleiman na farasi wake, na Mtume akacheka mpaka magego yakaonekana. Hakumwambia kuwa farasi hawana mbawa. Mwalimu gani wa leo angaliweza kujizuia asimsahihishe? Na tumepokea pia kuwa alirefusha sijida mpaka maamuma wakaingiwa na wasiwasi, na sababu yake ni mjukuu wake aliyempanda mgongoni, akachukia kumuondosha kabla hajatosheka.

Lakini kisa kilicho karibu zaidi na suala letu ni cha Wahabeshi. Siku ya Idi Wahabeshi walicheza na mikuki yao ndani ya msikiti wa Mtume, na mchezo ule ulikuwa wa kwao, haukuwa wa Waarabu. Sayyidna Umar (R.A.) akainama kuokota changarawe awatupie, na Mtume akamkataza. Kisha Bibi Aisha, naye akali mdogo, akasimama nyuma ya bega la Mtume akiutazama mchezo ule, na Mtume akamsimamia mpaka yeye mwenyewe akachoka kutazama. Tuzingatie: mtoto wa Kiarabu, katika mahali patakatifu, siku ya sikukuu, aonyeshwa mchezo wa watu wa taifa jingine na rangi nyingine, na amwonyeshaye ni Mtume mwenyewe. Kama hilo si somo la uraia wa ulimwengu kwa njia ya mchezo, basi hatujui somo hilo laonekanaje.

Na Imam Ghazali, ambaye hapana atakayesema kuwa alikuwa mtu wa upuuzi, ameandika katika Ihya kuwa mtoto atokapo chuoni apewe ruhusa ya kucheza mchezo mzuri umpumzishe taabu ya masomo, kwani kumzuilia mchezo na kumlemeza kwa kusoma daima huuua moyo wake na kuidhoofisha akili yake, hata akatafuta hila za kukimbia elimu yenyewe. Maneno haya yameandikwa zaidi ya miaka 900 iliyopita. Nasi hapa kwetu hatuna haja ya kutajiwa ni vyuo vingapi vilivyofundisha kwa bakora mpaka watoto wakalichukia hata jua la asubuhi. Serikali iliikataza bakora katika skuli mwaka 2001. Imam aliyasema yake bila ya kungoja serikali.

Tuje sasa kwetu kisiwani. Mtu wa Mji wa Kale akiambiwa amfundishe mtoto wake ulimwengu, hana haja ya kwenda mbali. Ibn Battuta alipita hapa mwaka 1331, akawasifu watu wake kwa dini na wema, na akaieleza misikiti yao ya mbao. Mreno akaja, akajenga Ngome kuanzia mwaka 1593. Waomani wakaitwaa mwaka 1698 baada ya mazingiwa ya karibu miaka mitatu. Mabulushi walikuja kwa uaskari, wakabaki kwa ujirani. Mahadhrami, Mabohora, Wahindi wa Kachi na Gujarati, Wabajuni, wote hawa wana misikiti au maduka au makaburi yao hapa. Na Wamijikenda walikuwa wakiuza na kununua na mji huu kabla ya jiwe la kwanza la Ngome kuwekwa.

Hata sisi tujiitao wenyeji, tuyasome majina yetu. Katika Tisa Taifa mna Wapate, Wafaza, Washaka, Wakilifi, Wamtwapa na wengineo. Je, majina haya si majina ya miji tuliyotoka? Kila mmoja wetu babu yake alishuka chomboni au alivuka kivukoni, na kulikuwa na mtu aliyempokea.

Na michezo yetu yenyewe inatushuhudia. Tiara waipeperushayo watoto juu ya madari jina lake ni la Kiarabu. Gololi ni neno la Kihindi. Keram imetoka Bara Hindi. Karata na turufu ni maneno ya Mreno, na hukumu ya karata si maudhui yetu leo. Bao nalo huchezwa kwa sura mbalimbali Uganda, ambako huitwa omweso, na Ghana, na mpaka nchi za Malaya. Mdako, wa kurusha kokoto moja juu na kuzikomba nyingine kabla haijashuka, waweza kumweka msichana wa Kuze mbele ya msichana wa nchi asiyojua hata jina lake, wakacheza pamoja bila ya mkalimani. Baba mwenye kumweleza mtoto wake haya kwa dakika tano, hali wamekaa barazani, amekwisha kumfundisha jografia na tarehe na adabu kwa mara moja.

Basi ikiwa haya yote tunayo, ugonjwa uko wapi? Uko katika maneno matatu tuyasikiayo kila siku mitaani: "Usicheze na yule."

Tumeyasikia kwa masikio yetu, na mtaa hatuutaji. Watoto sita au saba walikuwa wakicheza kibe katika kichochoro. Mmoja wao ni mtoto wa mama afanyaye kazi ya kufua katika nyumba ya hapo karibu, mtu wa bara. Mtoto yule alikuwa ndiye hodari wao wa kujificha, na wenziwe walikuwa wakigombania awe upande wao. Dirisha la juu likafunguliwa, mama mmoja akamwita mwanawe kwa jina, akamwambia maneno yale matatu, akaongeza neno la kabila ambalo hatuliandiki. Mchezo haukuvunjika papo hapo. Walicheza tena kidogo, lakini aliyekuwa akifumba macho alipokwisha kuhesabu alianza kuwatafuta wote ila mmoja. Mtoto yule wa bara alikaa nyuma ya mlango muda mrefu akidhani kuwa amejificha vyema kuliko wote.

Huyo mama si mtu mbaya. Twamjua kwa sadaka na kwa sala zake. Lakini kwa neno moja aliwafundisha watoto saba somo ambalo hapana mtaala utakaoweza kulifuta kwa wepesi. Na yasemwayo juu ya mtoto wa bara leo, yalisemwa jana juu ya wajukuu wa watumwa, na juu ya Mgiriama, na juu ya mtu wa mtaa wa pili ambaye babu yake hakuwa na nasaba ya kutajwa. Sahaba mmoja mkubwa, Abu Dharr (R.A.), alipomtukana mtu kwa asili ya mama yake, Mtume alimwambia kuwa ndani yake mngali mna ujahilia. Naye ni Abu Dharr! Sisi tutasemaje?

Na asije mtu akatuambia kuwa haya ni mambo madogo ya watoto. Mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, watu zaidi ya elfu moja waliuawa katika nchi yetu, na mamia ya maelfu wakafukuzwa majumbani mwao. Wengi katika walioshika mapanga hawakutoka nchi za mbali, walikuwa majirani. Walikuwa watoto wakati fulani, na kulikuwa na mtu aliyewaambia wacheze na nani na wasicheze na nani.

Tuna mfano mwema karibu nasi, na twasikitika kuwa vijana wengi wa mji huu hawaujui. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wazee wa Kiislamu wa pwani waliona jambo likiwauma: watoto wao wakisoma Kurani chuoni, lakini waingiapo skuli za serikali walikuwa nyuma ya wenzao, na wachache sana wakifika juu. Wazee hawa wakamwendea Aga Khan wa nne, imamu wa Maismaili, aliyefariki mwaka 2025, wakamtaka msaada. Wao ni Masunni na yeye si wa madhehebu yao, na kila mmoja alibaki na itikadi yake, lakini haja ya watoto iliwakutanisha. Kazi akapewa mwalimu wa hapa hapa Mombasa, Bi Swafiya Said, akazunguka kwa wazazi na kwa maalim, akiuliza na kusikiliza. Mwaka 1986 ikafunguliwa skuli ya kwanza ya watoto wadogo ya mpango huo katika madrasa ya Liwatoni, kisiwani humu humu. Mwaka 1990 mpango ukavuka kwenda Unguja, na mwaka 1993 ukafika Uganda, na baadaye skuli zake zikapita 200 katika nchi hizi.

Walichokifanya ni kuchanganya. Mtoto husoma sura fupi na dua, hufundishwa salamu na adabu za kula, na mchana huo huo hucheza, na mchezo wake umepangwa. Wengi katika walimu walikuwa akina mama wa mitaa yenyewe, waliosomeshwa kazi hii. Vitu vya kuchezea havikuagizwa Ulaya: ni vifuu, simbi za pwani, kokoto, vifuniko vya chupa, makuti na vipande vya mbao. Katika kuupanga mchezo walifaidika na njia iitwayo High/Scope, iliyoanza Michigan, Marekani, katika miaka ya 1960, kwa watoto masikini wa watu weusi wa huko. Ya huko Marekani ni ajabu yake: watoto 123, baadhi yao wakasomeshwa kwa njia hiyo na baadhi wasisomeshwe, wakafuatwa mpaka walipofika miaka 40, na wale waliosomeshwa wakaonekana kuwa wengi wao wana kazi, na wachache zaidi walikamatwa na polisi. Na kwetu, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2008 juu ya watoto wa Kenya, Unguja na Uganda ulionyesha kuwa wale wa skuli za mpango wa madrasa waliendelea kiakili kuliko waliokaa nyumbani, na kuliko hata wa skuli nyingine za watoto. Basi mzazi amtoaye mwanawe skuli kwa hoja ya kuwa "wanacheza tu," na atake apelekwe mahali ambapo ataandika tangu asubuhi mpaka adhuhuri, amepima kwa mizani isiyo yake.

Sasa tueleze kidogo huo mchezo huwaje somo, maana hapa ndipo penye utamu wa maneno haya.

Chukua mchezo wa duka. Katika pembe moja ya chumba pamewekwa simbi kuwa pesa, na vifuu vyenye mchanga, kunde na majani kuwa bidhaa. Mtoto mmoja ni mwenye duka, mwingine mnunuzi, mwingine hamali. Kesho wabadilishane. Hapo ndipo penye siri yote: yule ambaye baba yake ana duka kwa hakika siku hii ni hamali, abeba kifuu kichwani na kungoja alipwe, na mtoto wa hamali amekaa nyuma ya meza. Mtoto hawezi kuhutubiwa juu ya usawa wa binadamu, lakini kungoja ujira wako na mwenye duka akajifanya hakuoni, hilo alifahamu vyema kabisa. Mwalimu hatakiwi kusema mengi. Auliza tu: "Hamali wetu ameshalipwa?"

Tumeona katika skuli moja wanafanya hesabu ya dukani kwa lugha za majumbani. Mtoto wa Kikamba akasema "itatu," na wenziwe wakacheka, si kwa dharau, bali kwa kustaajabu kuwa tatu yao imevaa kofia. Mwalimu akawaambia kuwa sita, saba na tisa zao wao zimetoka Arabuni. Watoto wakatazamana. Tokea siku ile, twaambiwa, kila mgeni aingiaye huombwa ahesabu mpaka kumi kwa lugha ya kwao kabla ya kuruhusiwa kununua.

Na mchezo wa jahazi. Viti vimepangwa viwili viwili, kitambaa cha leso kuukuu ndicho tanga. Nahodha auliza pepo: kaskazi imetuleta kutoka wapi, na kusi itatupeleka wapi? Maskati, Mukalla, Bombay, Lamu, Unguja. Kila abiria ataja atokako na amechukua nini. Wafikapo bandarini kuna wenyeji wenye kuwapokea, na hapo mwalimu awafundisha maneno ya kumpokea mgeni: karibu, umeshindaje safarini, kunywa maji. Kisha wageuze, wenyeji wawe wageni. Mtoto aliyewahi kuwa mgeni mbele ya watu wasiomjibu salamu, japo kwa mchezo, hawi mwepesi wa kumnyima salamu mgeni wa kweli.

Hata kibe, tuliyoitaja, ina adabu zake zilizo kubwa. Afumbaye macho asichungulie, na hapana amwonaye ila Mola wake. Ukikamatwa kubali. Na kila aliyejificha atafutwe. Mtu mzima aliye karibu kazi yake si kuamua ugomvi wote, kazi yake ni kuangalia kama yuko mtoto aliyesahauliwa nyuma ya mlango.

Wametuuliza pia habari za wanasesere, kwa sababu ya yaliyokuja juu ya kukataza sanamu. Wanavyuoni wengi wamewatoa wanasesere wa watoto katika makatazo hayo, kwa dalili ya hadithi ya Bibi Aisha tuliyoitaja, na mwenye kutaka kujihadhari awashonee watoto wanasesere wa vitambaa wasio na nyuso. Lakini tunaongeza neno letu: kama wanunuliwa madukani, wasiwe wote weupe wenye nywele za manjano. Mtoto wa Mombasa akizoea kuwa kila mwanasesere mzuri hafanani na mama yake, amepewa darsa mbaya ndani ya karatasi nzuri ya zawadi.

Ama wale wachao kuwa mtoto akicheza na kila mtu ataipoteza dini yake, hofu yao twaiheshimu, kwani imetoka katika mapenzi. Lakini tuwaulize: wazee wetu waliokulia barazani pamoja na Mhindi wa Kibaniani na Mgoa na Mgiriama, ni nani katika wao aliyeacha sala kwa sababu ya gololi? Wengi tuwaonao wakiacha sala hawakutolewa na mchezaji mwenzao. Dini ya mtoto hulindwa kwa kufundishwa nyumbani na chuoni ni yupi yeye, kisha akatoka nje akiwa na salamu yake na adabu yake, akawapa wenziwe na akapokea zao.

Tunaloliogopa zaidi sisi ni simu. Kuna wazazi waliokwisha kumzuilia mtoto asitoke nje, kwa hofu ya majirani, kisha wakamkalisha na simu saa tatu au nne, na wanaona kuwa amehifadhika. Wapo hata wanaosema kuwa humo ndimo aonamo ulimwengu. Kwa kweli auona. Aona watoto wa Marekani, wa Korea, wa Bara Hindi. Lakini wao hawamwoni yeye. Hapana zamu ya kungojwa, hapana aliyeanguka wa kuinuliwa, hapana wa kumwambia "umenionea" mpaka aombe radhi. Hiyo aya ya kujuana tuliyoitaja, simu haikuitimiza, maana upande mmoja tu ndio uonao.

Liko na jambo la nafasi, nalo ni zito. Mji wa Kale hauna viwanja. Zamani njia zetu ndizo zilizokuwa viwanja, na leo pikipiki na tuktuk zapita hata pale ambapo punda wawili walikuwa hawapishani. Makadara iko, lakini ni mbali kwa mtoto wa miaka mitano asiye na mtu wa kumpeleka, na vijana wakubwa huijaza kwa mpira. Mkataba wa mataifa juu ya haki za mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 31, umeutaja mchezo kuwa ni haki, na Kenya iliukubali mwaka 1990. Katiba ya mwaka 2010 nayo imezipa serikali za kaunti kazi ya skuli za watoto wadogo. Basi kudai kwa kaunti uwanja mdogo wa watoto katika kila mtaa si kuomba sadaka, na tunawataka ndugu wenye elimu ya sheria katika halaka yetu waiandike barua hiyo wala wasingoje wakati wa uchaguzi.

Lakini barua hujibiwa kwa miezi, na watoto wanakua. Kwa hivyo katika darsa iliyopita tumekubaliana jambo dogo. Vichochoro viwili, kimoja cha upande wa Kibokoni na kimoja nyuma ya Ndia Kuu, wenye nyumba zake wameridhia kuweka benchi kwenye mdomo wa njia baada ya sala ya Alasiri mpaka karibu na Magharibi, ili pikipiki zizunguke. Kila siku mtu mzima mmoja, mume au mke, atakaa barazani kuwaangalia watoto, na sharti letu ni moja tu: mtoto yeyote ajaye, wa nyumba yoyote, wa dini yoyote, aingie mchezoni. Atakayesikia maneno yale matatu dirishani ajibu kwa upole kwamba leo hapana yule, wote ni wetu. Mpira utagonga milango na chokaa itachafuka, hilo tumelihesabu. Tunahitaji watu wanane zaidi wa kushika zamu za Jumatatu na Jumatano, na bibi zetu wenye vifuu, simbi na leso kuukuu wavilete msikitini siku ya Alkhamisi, au wampe mtoto yeyote wa darsa.